Mkurugenzi wa Chaki

Bwenini, 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimeacha kunisumbua, na lile godoro nililolalamikia muhula uliopita wamelibadilisha. Mpe Kitinda pole ya jino. Mwambie mengine yataota, asiyachokonoe.

Habari kubwa ni kwamba tumeletewa mwalimu mpya wa biashara. Bado kijana, anavaa viatu vya soli nyeupe, na hawezi kufundisha akiwa amekaa. Siku ya kwanza alikitupa kitabu cha kiada mezani, akasema, "Humu mna biashara za watu wengine. Ninyi mtaanzisha yenu." Basi darasa letu zima, watu ishirini na sita, tumekuwa kampuni. Kampuni kweli, mama, ina mpaka mhuri! Tukapiga kura, na mkurugenzi ni mimi. Msichana anayelala kitanda cha juu yangu, tunayemwita Bi Kamusi, amekuwa katibu kwa sababu ya maneno yake marefu.

Sasa tunatafuta bidhaa ya kutengeneza. Wengine wanataka sabuni, wengine wanataka mishumaa. Mwalimu anasema tutazame kitu tunachokijua sisi ambacho wenzetu hawakijui.

Kuna jambo jingine nataka kukuuliza, ni la somo la kemia. Jasi ikichanganywa na maji, unajuaje kuwa imefikia? Na ule udongo mweupe unautia wakati gani? Nilikuwa nakuona ukifanya lakini sikuwahi kushika kipimo. Nieleze taratibu, kama unamweleza mtu asiyejua kitu.

Mwanao,
Kifungua

*

Nyumbani, 12 Februari

Kifungua mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu, nikamsomea Kitinda, halafu nikamsomea mjomba wako ambaye hakuomba kusomewa. Mkurugenzi! Kumbe miaka ile nilikuwa nafua nepi za mkurugenzi, na hakuna aliyeniambia.

Hiyo kemia yako imenifurahisha zaidi. Miaka yote ulikuwa ukipita chumba cha kazi umeziba pua kwa kanga, nikasema huyu chaki ataijua akiwa ameishika mwalimu tu. Haya, shika kalamu.

Maji kwanza, unga baadaye. Ukitia maji kwenye unga umekwisha, itafanya madonge. Unaunyunyiza unga wa jasi taratibu mpaka uanze kuota kisiwa katikati ya ndoo, hapo unaacha. Koroga upande mmoja tu, usirudi nyuma, ukirudi unaingiza hewa. Ikiwa nzito kama rangi ya ukutani, imefikia. Kalibu za kumiminia ziwe zimeshapakwa mafuta, na uyafute kwa kitambaa, yasibaki yanang'aa. Mimina, gonga ubavuni hewa itoke, hesabu dakika kumi na tano, fungua. Usizianike juani siku ya kwanza, zitapinda kama vidole vya mzee. Kivuli kwanza, jua kesho.

Udongo mweupe ndio wenyewe. Uchekeche kwa kipande cha pazia jepesi, si kwa chekecheo la unga. Vijiko viwili kwa kila kopo la jasi, na uutie kwenye maji kabla ya jasi. Ndio unaofanya chaki isipige kelele ubaoni na isimwagie mwalimu vumbi. Aliyekuwa akijua hilo ni baba yako, Mungu amrehemu, na mimi. Sasa na wewe.

Katoni za shule yenu nazipanga kwa mkono wangu. Mjomba wako anazileta na pikapu yake kwa jina la duka lake, kama ulivyoniomba ulipoingia kidato cha kwanza. Sikukuuliza sababu wakati ule, na leo siulizi. Lakini mwalimu akigeukia ubao, ukaona ule mstari mweupe umenyooka, ujue mama yako yumo humo darasani.

Mama yako

*

KAMPUNI YA WANAFUNZI WA KIDATO CHA TATU
20 Mei

Kwa Msambazaji wa Chaki,
Kupitia duka lako.

Yah: KUSITISHA UNUNUZI WA CHAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunapenda kukujulisha kuwa, kuanzia muhula ujao, shule yetu haitahitaji tena chaki zako. Kampuni yetu imeanza kutengeneza chaki yenyewe, kufuatia utafiti uliofanywa na mkurugenzi wetu. Chaki hiyo imejaribiwa na walimu tisa na kuonekana haina kelele wala vumbi. Uongozi wa shule umeridhia kuwaunga mkono wanafunzi wake.

Tunakushukuru kwa huduma yako ya miaka mingi na tunakutakia kila la heri katika shughuli zako nyingine.

Wako katika ujenzi wa taifa la wajasiriamali,

(sahihi)
Mkurugenzi

(sahihi)
Mwalimu Mlezi

*

28 Mei

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Wanafunzi wa Kidato cha Tatu.

Yah: BARUA YAKO YA TAREHE 20 MEI

Barua yako nimeipata. Mjomba ameileta, akaniwekea mezani na kuondoka bila kumaliza chai. Sahihi yako imepevuka. Ile herufi ya kwanza uliyokuwa ukiipinda, sasa umeinyoosha.

Sina pingamizi. Huo "utafiti wa mkurugenzi" nimeutambua, nina nakala yake kichwani.

Nimeletewa na kipande kimoja cha chaki yenu, mjomba alikiokota stoo ya shule. Ina matundu madogo upande mmoja. Hiyo ni hewa: mnakoroga mkirudi nyuma. Niliandika usirudi nyuma. Tena mafuta ya kalibu mnayaacha mengi, ndiyo maana inateleza ubaoni siku za unyevu. Yarekebisheni hayo kabla wateja hawajaona.

Shughuli zangu nyingine unazonitakia heri, naomba unitajie ni zipi, maana mimi sizijui.

Wako mtiifu,
Msambazaji

*

Bwenini, 5 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimelia mpaka Bi Kamusi akadhani nimefiwa. Usiniandikie hivyo tena, nakuomba. Nitukane, lakini usiniite mkurugenzi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Tulipokuwa tukitafuta bidhaa, mwalimu alizunguka darasa zima: "Wewe unajua nini? Wewe je?" Waliokuwa mbele yangu walisema hawajui kitu, akawa anatikisa kichwa. Alipofika kwangu nikasema najua kutengeneza chaki. Mama, macho yalivyomtoka! Nikaona nikinyamaza nitarudi kuwa kama wengine. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema nimesoma.

Siku ya ile barua nilimwambia, "Mwalimu, huyu msambazaji ni mtu mzima, tumfikirie." Akaniuliza, "Kwani unamjua?" Ningesema ndiyo. Nikajibu, "Namjua kwa bidhaa zake." Darasa likacheka, na mwalimu akasema, "Hilo ndilo jibu la mkurugenzi. Biashara haina shangazi." Akanipa kalamu.

Sababu usiyoniuliza nakuambia leo. Shule ya msingi walikuwa wakiniita Vumbi. Ulikuwa ukija kunichukua na nywele nyeupe na kope nyeupe, wakikuona wanapiga chafya za uongo. Nikaapa kuwa huku hawatajua. Ndiyo maana hata siku za wazazi nilikuambia usije.

Lakini mama, ni shule yetu hii moja tu. Wewe unazo kumi na moja. Hatutagusa nyingine, nimemwambia mwalimu.

Naomba unijibu.

Kifungua

*

Ofisi ya Somo la Biashara, 30 Julai

Kwa Fundi wa Chaki,
Kupitia duka.

Mheshimiwa Fundi,

Salamu. Tuliwahi kukuandikia mwezi Mei, na nilivutiwa sana na jinsi mlivyolipokea jambo lile bila kinyongo; mwenye duka alituambia tu, "Yamekwisha."

Nimeambiwa na huyo huyo mwenye duka kwamba umepunguza kazi. Nasi kazi imetuzidi. Afisa elimu alipotutembelea aliwahimiza wakuu wa shule jirani kuwaunga mkono wanafunzi hawa, na sasa tunahudumia shule saba. Vijana wanakesha! Lakini kalibu tulizo nazo ni mbili tu, na moja inavuja.

Je, ungekuwa tayari kutuuzia zako? Na kama utapenda, uzilete mwenyewe uwaonyeshe vijana namna ya kuzishika. Mkurugenzi wao ni binti wa ajabu, ana kipaji ambacho sijui kimetoka wapi. Ningefurahi mkikutana.

Wako,
Mwalimu wa Biashara

*

8 Agosti

Mwalimu,

Salamu nimezipokea.

Kazi sikuipunguza, ilipungua. Katika shule saba ulizozitaja, sita zilikuwa zangu, na zilizonibakia hazilipi hata gunia la jasi. Nakuambia si kwa kulalamika, ni kwa sababu umeandika kana kwamba ni habari mpya kwangu.

Kalibu ninazo sita, za shaba, alizozichonga marehemu mume wangu. Nitawauzia. Kalibu isiyo na kazi inaota kutu ya kijani, na mimi siwezi kukaa nikiitazama. Nitazileta Jumamosi ya tarehe 22 na pikapu.

Nina sharti moja. Huyo mkurugenzi wenu azipokee yeye mwenyewe, kwa mikono yake, si karani.

Kipaji chake usisumbuke kutafuta kilikotoka. Mimi pia nina binti shule ya bweni. Watoto wa siku hizi wanajua mambo, mtu huwezi kujua wamejifunza wapi.

Fundi

*

Bwenini, 24 Agosti

Mama,

Sijui nianzie wapi. Shikamoo nayo naona haya kuiandika.

Mwalimu hakutuambia anayekuja ni nani, alisema "fundi". Nilidhani mjomba atazileta peke yake. Nikakuona unashuka kwenye pikapu uwanjani, umevaa gauni la kijani la harusi ya mjomba, nywele umezifunga, huna hata chembe ya vumbi. Sijawahi kukuona hivyo. Na wenzangu wote wamejipanga, na yule afisa elimu yupo, na mpiga picha.

Ulikuwa na nafasi ya kusema. Nilikutazama nikasema moyoni, atasema sasa. Ukanipa kalibu moja moja, ukisema kwa sauti ile ya dukani, "Hii pini yake imelegea kidogo. Hii msiigonge chini." Vidole vyetu viligusana mara sita. Nilihesabu.

Halafu mwalimu akasema, "Haya mkurugenzi, mshukuru mama huyu."

Na mimi nikasema, "Asante sana, mama."

Nilikuita mama mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua. Nilivyolitamka ndivyo ninavyomwita mwanamke yeyote sokoni. Ukaitika, "Haya, mwanangu," na watu wakapiga makofi. Pikapu ilipotoka getini nilitaka kuikimbilia. Sikukimbia. Mpiga picha alikuwa anasema tusogee pamoja.

Kwa nini hukusema? Ungesema tu, yangekwisha pale pale.

Nijibu, mama. Hata neno moja.

Kifungua

*

Bwenini, 2 Novemba

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu Agosti. Mjomba ananiambia u mzima na kwamba hukai nyumbani mchana, lakini hasemi uko wapi. Anasema nikuulize mwenyewe.

Kampuni imefungwa. Haikufilisika, mwaka wake umeisha tu. Kumbe ndivyo mpango ulivyo: kampuni ya wanafunzi huishi mwaka mmoja, halafu darasa linalofuata linaanzisha yake. Mwalimu alitufanyia sherehe ya kufunga kama vile ni mahafali. Kidato cha pili wamechagua mishumaa. Sisi tunaingia maandalizi ya mtihani, hakuna wa kukoroga jasi, na shule zote saba zimeanza kuchukua chaki za kiwandani kwa mwenye duka la jumla mjini. Kalibu zako ziko stoo, chini ya neti za mpira wa wavu.

Kwenye sherehe kila mmoja alitakiwa kusimama aseme amejifunza nini. Zamu yangu ilipofika nikasema. Nilisema fundi wa chaki ni mama yangu, na elimu ile niliiba kwenye barua yake, na nilitia sahihi ya kumwondolea kazi kwa mkono wangu. Kisha afisa elimu akaanza kupiga makofi, wote wakafuata. Mama, walisimama! Walidhani ni hotuba. Mmoja wa wageni akaniambia nina kipaji cha kugusa watu, nisikiache.

Mwalimu peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nimemwomba anirudishie kalibu. Likizo nitakuja nazo, tuanze tena mimi na wewe. Nitaamka mapema, nitakoroga, nitapeleka mwenyewe mashuleni na nitasema jina lako getini.

Kifungua

*

Ofisi ya Somo la Biashara, 9 Novemba

Mheshimiwa Mama,

Nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Binti yako ameniambia kila kitu. Ningejua, jambo lile lisingefanyika. Nakuomba radhi kwa moyo wangu wote.

Kuhusu kalibu, nimeshazungumza na mkuu wa shule. Kwa kuwa zimeingizwa kwenye orodha ya mali ya shule, haziwezi kurudishwa moja kwa moja, ila bodi ikikutana mwezi Machi inaweza kuridhia uazimwe, kwa maandishi.

Napenda ujue pia kwamba mradi huu umewabadilisha watoto. Wamejifunza kujiamini. Sitaki hilo lipotee kwa sababu ya kosa langu la kutouliza.

Kwa heshima,
Mwalimu wa Biashara

*

16 Novemba

Mwalimu,

Unasema ungejua lisingefanyika. Ungejua ungefanya nini? Ungeendelea kununua chaki yangu kwa huruma, ukaenda kuchukua chakula cha mtoto wa fundi mwingine, ambaye mwanawe hayupo darasani kwako wa kukuaibisha. Kwa hiyo hukukosea kwa kutojua kuwa mimi ni mama wa fulani. Kila fundi ni mama wa fulani.

Uliwaambia watoto wamenishinda sokoni. Chumba chao hawakukilipia kodi. Wafanyakazi ishirini na sita, hakuna aliyelipwa. Maji ya shule, jua la shule, na mteja wao ni mwalimu mkuu wao. Aliyewaletea wateja wengine ni afisa elimu, ambaye mimi nikienda ofisini kwake naambiwa nije kesho. Nipe na mimi hayo mwaka mmoja, Mwalimu, uone kama sitakuwa mwanamke wa ajabu mwenye kipaji.

Mwaka ukaisha, mkafunga, mkapigiana makofi. Ninyi mlikuwa mnajifunza. Mimi nilikuwa naishi.

Kuhusu kuazimwa kalibu za mume wangu kwa maandishi, bodi isisumbuke kukutana.

Sina chuki nawe. Vijana wanakupenda, na mjomba wa mtoto anasema una adabu. Ila wa mishumaa nao, kabla hawajawasha ya kwanza, waulize ni nani huwa anawauzia.

Fundi

*

Nyumbani, 17 Novemba

Kifungua,

Marahaba zote, za barua zote nne. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilikuwa inaandika kwa yule Mkurugenzi, nikaichukia.

Mchana niko hospitali. Si kwa ugonjwa, usishtuke. Nafua mashuka. Tuko wanawake tisa, mashine mbili, na moja haifanyi kazi. Mikono yangu sasa ni laini, imekunjamana kwa maji, na kikohozi changu kimepona. Kitinda anasema nanukia vizuri. Basi angalau hilo wewe pia ungelipenda.

Umefanya vizuri kusema pale ukumbini. Kwamba walipiga makofi si kosa lako. Najua ilikugharimu.

Lakini unayoyasema ya likizo, usije nayo. Chumba cha kazi nimempangisha kinyozi. Udongo mweupe ulichukuliwa na mtu aliyekuwa anasiliba ukuta. Na wale wakuu wa shule, hata ukisimama getini ukalitaja jina langu kwa sauti ya ngoma, wameshazoea katoni za kiwandani zenye picha ya mtoto anacheka. Maji yakizidi unga unaweza kuongeza unga. Kama unga umekwisha, unamwaga ndoo. Nimeshamwaga, mwanangu, tena bila machozi. Wewe soma ufaulu mtihani, kwa sababu mtihani huo nimeshaulipia, na sina cha kuulipia wa pili.

Umeniuliza tangu Agosti kwa nini sikusema. Nilivaa gauni la kijani kwa sababu nilitaka useme wewe. Nilisema moyoni, nikija sina vumbi, hatakuwa na cha kunionea haya. Nikakupa ya kwanza, nikangoja. Ya pili. Nikajiambia labda ya mwisho. Uliponiita mama vile, nikakuitikia vile vile, kama ninavyowaitikia watoto wa watu. Nilikusaidia uongo wako, na niliusaidia vizuri, hata wewe ulidhani ni rahisi kwangu.

Ukija utaniita mama, na nitaitika. Nimeitika hivyo tangu ulipoanza kusema, sijui namna nyingine. Ila siku hizi ukiniita kwenye ndoto huwa nachungulia kwanza kuona kama kuna watu.

Mjomba atakupokea stendi tarehe 5. Ufunguo anao yeye. Mimi nitakuwa zamu mpaka jioni.

Mama yako